Gorogoro Moja ya Chokaa

Siku ninayoikumbuka mara nyingi, Mwanangu, ni ya mwezi wa nane nikiwa Fomu Tuu, nyumbani kwetu karibu na Kianjokoma. Nilisimama mlangoni pa stoo ya Cucu, nyanya yangu mzaa baba, na kalamu yangu, nikamwambia kwamba ile mifuko sita ya chokaa haina kazi. Nilitumia maneno ya adabu. Nilisema, "Cucu, si lazima." Lakini rohoni nilikuwa nasema ni ujinga, na nadhani hilo pia alilisikia.

Kabla sijaendelea, usicheke ninavyokuita Mwanangu. Najua nimekupita miaka mitatu tu. Lakini mwalimu wa bweni aliposoma majina, Gatwiri wa Fomu Wani kutoka Mikinduri alipewa mama wa shule, na huyo mama ni mimi, Wawira wa Fomu Foo. Nilikuonyesha bomba ambalo maji yake hayakatiki na kitanda ambacho hakilii ukigeuka. Zaidi ya hapo sikujua mama wa shule hufanya nini. Sasa nimeona kitu kimoja ambacho ninaweza kufanya, na kwa vile nikiwa mbele ya mtu maneno hunikauka, hata mbele yako, nimeyaandika kwa hili daftari langu. Nitazikata hizi kurasa nikupe.

Ni kwa sababu ya Jumamosi. Ulitoka maabara mbio, koti limefungwa vibaya.

"Mum! Nimejua asidi na besi! Nikifunga shule napima shamba ya baba. Chokaa ataweka ile mimi nitamwambia."

"Baba yako amelima miaka mingapi?" nikakuuliza.

"Mingi. Lakini hajui pH."

Ukaniomba zile karatasi za kupimia ninazoweka ndani ya kiberiti. Nikakuambia nitafikiria. Haya, nimefikiria.

Cucu hupanda maharagwe kwa robo ekari iliyo chini ya nyumba, upande wa mto. Udongo wake ni mwekundu, ule unaopanda na wewe hadi mlangoni ukivua viatu. Shamba hilo limetiwa mbolea ya dukani msimu baada ya msimu, na mvua ya huko kwetu chini ya mlima huosha kila kitu. Maharagwe yalikuwa yakipungua pole pole, hivi kwamba hakuna aliyeona yakipungua. Mwaka huo afisa wa kilimo alikuja, akachota udongo pande zote za shamba, akaupeleka kupimwa. Aliporudi akasema udongo umekuwa na asidi nyingi na unahitaji mifuko sita ya chokaa ya shambani. Kikundi cha akina mama kikaileta, ikapangwa stoo.

Cucu aliiogopa hiyo mifuko. Alikuwa ameona chokaa ya kupaka ukuta ikimbabua mtu mikono, na hakuamini kwamba hii ya shambani ni ya aina nyingine.

"Itachoma shamba langu," alisema. "Kisha huyo afisa atahamishwa aende Garissa, na mimi nibaki na jivu."

Na mimi nikaja likizo na karatasi zangu. Nilikuwa kwa chama cha sayansi, na mwalimu wa kemia alikuwa amenipa kipakiti kimoja cha kujaribia nyumbani. Nikachota udongo, nikautia kwenye glasi na maji ya mvua niliyochemsha, nikakoroga, nikaacha utulie. Kisha nikachovya karatasi. Ikageuka rangi ya chungwa inayoelekea manjano. Nikailinganisha na rangi za kwenye kipakiti, ambapo saba ni maji safi na namba ikishuka asidi inazidi: tano. Nikaandika tano.

Sasa, katika maji yenye pH ya tano asidi ni kidogo sana. Ioni za hidrojeni, ambazo ndizo huyafanya maji yawe na asidi, ni chache mno. Nikakisia shamba lile linaweza kushika maji kiasi gani hadi pale jembe linapofika, nikazidisha, nikatafuta chokaa inayotosha kuziondoa ioni hizo. Jibu lilikuwa chini ya konzi moja. Konzi moja ya mkono wangu, kwa robo ekari nzima! Nilirudia hesabu mara tatu na haikubadilika. Mpaka leo nikiitazama hesabu hiyo haina kosa, na hilo ndilo huniudhi zaidi.

Kwa huruma nikaipandisha hadi gorogoro moja, ule mkebe tunaopimia mahindi.

"Gorogoro moja?" Cucu akauliza.

"Moja."

"Na afisa alisema mifuko sita."

"Afisa anakisia, Cucu. Mimi nimehesabu."

Aliipokea karatasi yangu, akaitazama juu na chini ingawa hasomi Kiingereza, akaikunja mara nne, akaiweka ndani ya Biblia yake. Sijawahi kuona cheti cha mtu kikiwekwa humo. Alikuwa amefurahi. Alipata mtu wa kumwambia alichotaka kuambiwa, na mtu huyo alikuwa mjukuu wake msomi.

Tukaimwaga hiyo gorogoro pamoja. Mimi ndiye nilianza na sikujua kurusha, kwa hivyo nusu nzima ilianguka kwenye pembe moja ya shamba, kipande kama ukubwa wa mkeka. Ile nusu nyingine tukainyunyiza kote hadi mkebe ukaisha. Mifuko ikabaki stoo. Kuku wa Cucu, yule mwenye shingo isiyo na manyoya, akapanda juu yake akaanza kutaga.

Nikarudi shule. Mvua ya mwezi wa kumi ikaja, Cucu akapanda.

Hapa lazima nikuambie juu ya Mama Rukia. Yeye huuza nafaka soko la Kianjokoma, na mumewe ana bucha karibu na hapo. Walikuja kutoka Meru mjini zamani, kabla mimi sijazaliwa. Ni Waislamu, sisi ni Wakristo, na sijawahi kuona hilo likiwanyima yeye na Cucu kitu cha kuongea. Kila msimu kabla ya mvua, Mama Rukia huketi na kuchagua mbegu za Cucu moja moja kwa vidole, anatoa zilizokunjamana na zilizotobolewa, kisha anazifunga kwa kitambaa. Cucu naye humpelekea mkungu wa ndizi. Hawapimi. Cucu hawezi kupanda haragwe ambalo halikupitia vidole vya Mama Rukia, na wanawake wengi wa upande wetu walimfuata kwa hilo. Waliona maharagwe ya Cucu, wakaenda kununua mbegu pale pale.

Nilipofunga shule mwezi wa kumi na moja, nilikuta shamba la manjano. Maharagwe yalikuwa mafupi, majani yamepauka, yamejikunja kama yanaogopa kitu. Nikashuka hadi ile pembe yangu. Pale, kwenye kipande cha ukubwa wa mkeka, maharagwe yalikuwa ya kijani kizito na yananifika gotini. Nikapiga magoti nikang'oa moja la kijani na moja la manjano. Mizizi ya la kijani ilikuwa mirefu, ina vifundo vidogo vidogo. Mizizi ya la manjano ilikuwa mifupi, minene, kama vidole vilivyokatwa. Yote mawili yalitoka kwa kitambaa kimoja.

Sikuelewa kwa nini, lakini nilijua ni chokaa. Cucu akaja akasimama nyuma yangu.

"Umeona?" akasema. "Rukia amenipa mbegu mbaya."

Na mimi, Mwanangu, nikasema, "Eeh."

Ile hesabu ilikuwa ya kutojua, na kutojua husamehewa haraka. Hiyo "eeh" ndiyo kosa langu. Nilikuwa na haragwe la kijani mkononi wakati ninaitamka.

Siku ya soko Cucu alibeba mbegu zilizobaki ndani ya kitambaa kile kile. Mimi nilibeba kiondo. Mama Rukia alimwona kwa mbali akaanza kuchekesha kama kawaida yake.

"Huyo anakuja! Leo ndizi ziko wapi, au umezila njiani?"

 Cucu alikifungua kitambaa akazimwaga zile mbegu juu ya gunia la Mama Rukia, zikachanganyika na zile za kuuzwa.

"Hii mbegu yako imekufa," akasema kwa Kiswahili, kwa sauti, ili watu wasikie. "Chukua. Mimi si wa kupewa takataka."

"Takataka? Mama, mbegu hizi nimechagua na mkono wangu huu."

"Basi mkono umeharibika."

Watu walikuwa wamesimama. Mama mmoja aliyekuwa akipima maharagwe akayarudisha polepole, kana kwamba hakuna mtu angemwona. Mama Rukia alinitazama mimi. Nadhani alinitazama kwa sababu mimi ndiye msomi, na alitarajia niseme, Cucu hebu tuangalie vizuri. Niliangalia chini. Nakumbuka kulikuwa na ganda la muwa. Nililisoma hilo ganda la muwa mpaka Cucu akasema twende.

Krismasi ile ndizi zetu na pilau ya watu wa Mama Rukia, tunazobadilishana kila mwaka, hazikubadilishwa.  Tulivuna kikapu kimoja na nusu, na maharagwe yaliyonona ndani yake yote yalitoka kwenye mkeka wangu.

Januari tulipofungua, chama cha sayansi kikatuambia kila mtu alete udongo wa kwao. Mimi nilikuwa nimebeba wangu hata kabla ya kuambiwa, kwa mfuko wa sukari. Kuna mtu utamjua kadiri utakavyozidi kukaa hapa: Mzee Kirimi, fundi wa maabara, yule ambaye koti lake jeupe limekuwa la kila rangi. Alikaa na mimi baada ya wengine kutoka kwa sababu niliuliza swali, na mimi siulizi maswali, kwa hivyo alijua ni la maana.

Aliweka bika mbili, zile glasi za maabara, mezani. Kwa moja alitia udongo wangu na maji. Kwa nyingine alitia maji safi tu, akadondosha asidi kidogo mpaka yote mawili yakasoma tano. Halafu akachukua dropa, kile kifaa cha kudondoshea, yenye maji ya chokaa.

Tone moja kwenye maji safi. Rangi ya karatasi iliruka ikapita kijani ikaenda buluu. Tone moja tu!

"Hii ndiyo hesabu yako," akasema.

Akadondosha tone kwenye udongo, akakoroga, tukangoja. Tano. Matone kumi. Tano. Akanipa dropa niendelee mwenyewe. Nilihesabu hadi arobaini, kidole kikauma. Tukapima: labda tano na kidogo, ukitazama kwa imani.

"Chokaa inaenda wapi?" nikauliza.

"Keti."

Alileta siki ya kupikia, akatia magadi kidogo hadi ikatoa povu ikatulia, akahakikisha ni kama nusu tu ya siki iliyokuwa imegeuka chumvi. Akaniambia niijaribu kwa asidi kali, matone machache. pH haikusogea. Nikaijaribu upande wa pili, na besi kali. Haikusogea. Maji safi kando yake yalikuwa yakiruka huku na huku kama mbuzi aliyefunguliwa.

"Hii inaitwa bafa," akasema. "Sasa sikiliza, nitakuambia kama vile nilivyoambiwa. Chukulia ioni za hidrojeni ni watu. Karatasi yako inahesabu wale waliosimama uwanjani. Walio ndani ya nyumba haiwaoni. Siki ni nyumba iliyojaa watu, wachache tu wametoka nje. Ukileta besi, inamshika mmoja uwanjani na kwenda naye. Lakini mlango uko wazi, mwingine anatoka ndani anachukua nafasi yake. Ukitazama uwanja, utasema hakuna aliyeondoka."

"Na nikileta asidi?"

"Hapo ndipo ile chumvi ya siki inafanya kazi. Hiyo ni nyumba yenye vitanda vitupu. Unaleta wageni uwanjani, wanaitwa ndani, wanalala. Uwanja uko vile vile. Bafa lazima iwe na nyumba zote mbili, iliyojaa na iliyo tupu. Ukiwa na moja tu, unashindana upande mmoja."

"Kwa hivyo haibadiliki kamwe?"

"Ongeza uone."

Nikaongeza asidi. Nikaongeza tena, bila kuhesabu, kwa sababu sasa nilikuwa nimekasirika kidogo. Mara rangi ikaanguka nyekundu yote kwa matone mawili.

"Vitanda vimekwisha," akasema Mzee Kirimi. "Sasa kila mgeni anasimama nje. Hakuna bafa isiyo na mwisho, binti. Kuna kubwa na ndogo."

Udongo wetu mwekundu, akaniambia, ni bafa kubwa. Ule mfinyanzi wake na yale majani yaliyooza ndani yake yameshika asidi ya miaka yote, na yanaitoa kidogo kidogo kila ukiondoa iliyo majini. Ndiyo maana afisa hakupima maji peke yake. Wanapima pia udongo unashindana kiasi gani, ndipo wanaijua mifuko.

"Wewe ulihesabu uwanja," akasema. "Uliacha nyumba yote." Halafu, akiwa anasuuza bika, mgongo kwangu, akauliza, "Na hasara ya hesabu yako ililiwa na nani?"

Nikamwambia maharagwe ya Cucu. Aliendelea kusuuza, hivyo nikamwambia na habari ya Mama Rukia, na soko, na ganda la muwa.

Alifunga bomba. "Hiyo sasa si kemia. Hiyo sina dropa yake. Unafunga lini likizo fupi?"

"Mwezi wa pili."

"Basi hadi mwezi wa pili mama wa watu ataitwa muuza takataka kwa sababu yako. Mimi ningekuwa wewe nisingelala vizuri." Na akaenda kufunga madirisha. Hakunipiga bega wala kuniambia ni sawa. Nilitamani afanye hivyo, na sasa nafurahi hakufanya.

Nilipofika nyumbani nilimkuta Cucu stoo, anaokota mayai juu ya mifuko. Nilikuwa nimeyapanga maneno yangu kwa daftari hili, ukurasa mzima, na nilipofungua mdomo yalitoka manne tu.

"Cucu, mbegu zilikuwa nzuri."

Alisimama na yai mkononi. Nikamweleza pembe ya shamba, mizizi, bika mbili, watu wa uwanjani na watu wa ndani. Nilieleza vibaya, nikilia katikati. Alipoelewa aliketi juu ya chokaa.

"Uliona lini?"

"Siku ile ulikuja ukasimama nyuma yangu."

"Kabla ya soko."

"Kabla ya soko."

Hakunigombeza. Aliingia nyumbani, akatoa ile karatasi yangu ya hesabu kwenye Biblia, akaniwekea mkononi, bado imekunjwa mara nne. Akajifunga leso ya kutoka.

"Twende."

"Wapi, Cucu?"

"Kwa Rukia. Na utasema wewe. Mimi nitasimama hapo tu, nimenyamaza, kama vile ulisimama wewe."

Ilikuwa siku ya soko. Kutoka kwetu hadi pale ni mwendo wa kama nusu saa, na sikumbuki chochote cha njiani. Mama Rukia alikuwa na gunia moja tu mbele yake, zamani alikuwa na manne. Alimwona Cucu, safari hii hakufanya mzaha. Cucu alisimama kando, mikono nyuma. Wanawake wakaanza kuangalia.

Mimi ni mtu ambaye nikiitwa kusoma Biblia kwa ibada hujificha nyuma ya wenzangu. Nilisema kwa sauti niliyokuwa nayo, "Mama Rukia, mbegu zako hazikuwa mbaya. Mimi ndiye nilimwambia Cucu asiweke chokaa. Nilijua hapo Novemba, na nikanyamaza."

"Sema tena," akasema Mama Rukia. "Yule muuza nyanya pale hajasikia."

Nikasema tena, kwa sauti zaidi. Muuza nyanya akasema, "Woi, kumbe ni mtoto wa shule!" na mtu akacheka.

Mama Rukia hakucheka. "Kumbe ni wewe, profesa. Unajua nilikaa na magunia mawili mpaka fukusi wakayamaliza? Watu wanapita hapa wanaangalia mkono wangu huu kama una ukoma."

"Pole, Mama Rukia."

"Pole nimeisikia." Akamgeukia Cucu. "Na wewe, Mama. Miaka yote hii, na hukuniuliza hata swali moja."

Cucu akasema, "Sikuuliza." Basi. Ndivyo alivyosema, na akainamisha kichwa, na mimi sijawahi kumwona akiinamisha kichwa kwa mtu isipokuwa kanisani.

Nilifikiri imekwisha hapo. Nilitarajia tutarudi nyumbani na ndizi na pilau zirudi mahali pake. Mwanangu, haikuwa hivyo. Jioni ile tulirusha mifuko yote sita, Cucu na mimi na jirani mmoja, tukawa weupe hadi kope, kuku akilalamika. Mwezi wa tatu Cucu alienda kwa Mama Rukia kuomba mbegu, akauziwa kama mtu yeyote, zilizochotwa tu kwa mkebe bila kuchaguliwa. Zikamea vizuri, si ajabu kubwa, lakini kijani. Nilipopima mwezi wa nane udongo ulisoma tano na nusu. Mifuko sita, na nusu tu ya namba! Kila likizo nilipita pale sokoni kumsalimu Mama Rukia, na kila mara kulikuwa na mwanamke ambaye hakuwepo siku ile, nikalazimika kusema upya, "Mbegu zilikuwa nzuri, mimi ndiye nilikosea." Nilisema mpaka nikazoea, na mpaka wao wakachoka kusikia.

Mwishoni mwa mwaka ule, kabla ya mvua, nilimkuta Mama Rukia ameketi na ungo magotini, anachagua moja moja kwa vidole. Kando kulikuwa na kitambaa kile kile, kimefuliwa. Hakuniangalia.

"Mwambie nyanya yako ndizi zisiwe za kuiva sana," akasema.

Hapo ndipo nilielewa ile samahani yangu ya kwanza ilikuwa nini. Ilikuwa gorogoro moja kwa robo ekari.

Basi haya ndiyo ninayokuachia, kwa vile mimi nafanya mtihani na kuondoka. Karatasi zangu ziko ndani ya kiberiti hiki, zimebaki kumi na moja. Pima shamba la baba yako, nakuruhusu, ni vizuri kupima. Lakini ukiona rangi ujue umeona uwanja tu. Muulize baba yako kilichoingia katika udongo huo miaka yote ambayo hujazaliwa, muulize na afisa amepima vipi, kabla hujamwambia mtu mzima si lazima. Mtu naye usimhukumu kwa vile ametulia leo, ukadhani utazidi kumwongezea maudhi na haitafika siku vitanda vikaisha. Na ukikosea, sema siku hiyo hiyo, ukiwa na haragwe mkononi, kwa sababu kila siku unayonyamaza kuna mtu anakubebea. Kisha usishangae ukisema mara moja na hakuna kilichobadilika. Rudi useme tena. Kitu kilichowekwa ndani miaka mingi hakitolewi kwa tone.

Cucu akinibariki siku ya kurudi shule hunitemea mate kidogo kiganjani na kunikunja vidole, ili baraka isimwagike njiani. Mimi siwezi kukutemea wewe, mwalimu wa bweni ataniandikia makosa. Kwa hivyo fungua mkono wako hivi unaposoma, halafu ukunje. Mungu akupe udongo unaokusubiri ujifunze, Gatwiri, na watu wenye vitanda vingi ndani, na sauti ya kutosha kufika kwa muuza nyanya. Ukunje mkono vizuri. Tayari umepokea.